Upande wa Ujiji

Baba yangu Maalim,

Chumba changu nilikipoteza Jumamosi ya pili baada ya Idi, baina ya alasiri na magharibi, siku mliyomwoza Salehe. Ni chumba nilichokijenga mwenyewe kwa matofali elfu moja mia nane na arobaini. Idadi naijua kwa sababu niliyahesabu yakishushwa, na mwenye gari nikamrudisha akalete ishirini na mawili yaliyopungua. Kimepotea bila mimi kuambiwa. Nimeona nilitaje hilo kwanza, lisije likajificha katikati ya salamu kama ilivyo kawaida ya mambo ya nyumbani kwetu.

Sasa shikamoo, Baba. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ni ya kupaka mara mbili kwa siku, si mara moja ukikumbuka. Kifua cha Mama kimetulia? Mvua za mwisho zimewatendeaje, na ule ukuta wa choo upande wa ziwani bado umesimama? Mimi sijambo kabisa. Nimeongezeka kilo nne tangu nihamie huku, jambo ambalo kwa Mama ni habari njema na kwa sketi zangu si njema. Chupa ya mawese aliyonifungia shangazi ilikuwa imeganda dirishani kama sabuni tangu mwezi wa kumi na mbili. Juzi imeanza kulegea yenyewe, nikajua baridi ya Uholanzi imekwisha bila kusikiliza redio.

Barua hii nimemtumia mdogo wetu Asha kwa simu, aichape pale dukani Mwanga kwa herufi kubwa na akukabidhi mkononi. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Salehe akusomee, maana mdogo wangu akisoma huongeza yake.

Najua watu wanakuuliza barazani kama bado nasoma, na wewe unajibu kwamba nasoma. Sisomi, Baba. Shahada ya udaktari nilimaliza. Hii ni kazi ya mtafiti aliyekwisha kuhitimu, ya mkataba wa miaka mitatu, na ikiisha mtu ama anaongezewa ama anafunga virago. Yangu inaisha mwezi wa nane. Naye Salehe, nasikia kwenye harusi yake alishika kipaza sauti akasema, "Dada yangu anasomea mafua mwaka wa ngapi huu, na mafua bado yapo." Watu wakacheka. Mwambie nimecheka na mimi. Halafu mwambie kwamba homa ya mafua hubadili vazi kila mwaka, na chanjo nayo lazima ikatwe upya kila mwaka, kama mafundi wa Mwanga wanavyopima upya sare za shule kila Januari kwa sababu mtoto wa mwaka jana si wa mwaka huu. Kazi yangu ni kupima kama nguo imemkaa mtu.

Tunapimaje? Tunachukua damu ya mtu kabla hajachomwa chanjo, na tunachukua tena baada ya wiki nne. Damu ikishaganda, juu yake hubaki maji yenye rangi ya samli iliyoyeyuka. Humo ndimo zinamokaa kingamwili, askari wa mwili. Nina sahani za plastiki, ndogo kama kiganja, kila moja ina vishimo tisini na sita, safu nane za vishimo kumi na viwili. Kila safu ni ya mtu mmoja. Kishimo cha kwanza naweka yale maji yakiwa yamezimuliwa mara kumi, cha pili mara ishirini, cha tatu arobaini, kila kimoja hafifu nusu ya mwenzake, mpaka cha kumi, ambacho ni mara elfu tano mia moja na ishirini. Viwili vya mwisho ni vya ushahidi, havina damu ya mtu. Halafu naongeza virusi, kisha chembe nyekundu za damu ya bata mzinga. Askari wakiwa wa kutosha, zile chembe hutulia chini ya kishimo na kufanya nukta nyekundu, kama nukta ya herufi ba. Wakiwa hawatoshi, virusi huzishika chembe zikatanda kama utando na nukta haionekani. Kwa hiyo kazi ya mwanao, Maalim, ni kuhesabu nukta. Ada yangu ya madrasa ilikuwa viboko vyako nikisahau nukta, na sasa napewa mshahara kwa kuzihesabu.

Na liko jambo moja utalipenda. Mafua ya kwanza anayoyapata mtoto huacha alama mwilini mwake. Yakija mengine miaka ya baadaye, au ikija chanjo, mwili hukimbilia kukumbuka yale ya kwanza kabla haujajifunza mapya. Ndiyo maana watu wawili wakichomwa chanjo moja siku moja, miili yao haijibu sawa. Profesa wangu, mwanamke mmoja mrefu, mkali wa maneno, alikuwa akitafuta namna ya kuwaeleza hilo watu wasio wa fani. Nikamsimulia ule ubao wa mninga ulionichongea nikiwa na miaka mitano. Tuliandika kwa wino wa masizi, kila Alhamisi tukauosha, na maandishi ya zamani yakabaki kama kivuli chini ya mapya. Akaandika kwenye daftari lake. Mwezi uliofuata akautumia mfano huo mbele ya watu mia mbili na zaidi, na akasema, "Huu si wangu, ni wa baba yake Zainabu." Kwa hiyo umeshatajwa huku, na hukuhitaji pasipoti.

Hayo nimeyaeleza kwa urefu ili uelewe kosa nililolifanya.

Jumatatu baada ya harusi nilifika kazini saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimefunga, siku ya nne ya zile sita za Mfunguo Mosi. Mbele yangu palikuwa na vichupa themanini na vinane, vya wazee arobaini na wanne, kila mzee viwili, cha kabla ya chanjo na cha baada. Sahani kumi na moja kamili. Sijavaa glavu, simu ikalia, namba ya nyumbani nisiyoijua.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Zuhura, wifi. Mke wa Salehe. Wa Ilagala."

Nikampongeza. Akanishukuru kwa vitenge nilivyomtumia, akavisifu rangi, akasema mama yake amekichukua kimoja kabla hajawahi kukivaa, tukacheka. Nilimpenda sauti. Halafu akasema:

"Wifi, samahani nakusumbua kazini. Hili sanduku la bati lina kufuli. Tulihamishie wapi? Maana kitanda hakipiti mlangoni likiwa pale."

"Sanduku gani?"

"Lako, wifi. Humu chumbani."

"Chumbani kwa nani?"

Nilisikia mtu anafagia nyuma yake, nadhani Asha.

"Kwetu," akasema polepole. "Wifi, kwani hukuambiwa?"

"Endelea tu."

"Baba mkwe alisema tukae humu. Alisema mwenye chumba keshakuwa mtu wa huko, hatarudi. Na zile karatasi zako zilizokuwa juu ya kabati alisema zipelekwe madrasa, watoto waandikie upande wa nyuma. Upande ule ni mweupe."

Usimgombeze Zuhura, tafadhali. Aliulizwa akajibu. Katika nyumba yetu mtu wa aina hiyo alikuwa anahitajika siku nyingi. Nilimwambia sanduku lisogezwe nyuma ya mlango, kufuli libaki, nikamwombea heri, nikakata simu. Na hizo karatasi, kwa taarifa yako, ni rasimu ya tasnifu yangu, kurasa mia mbili kumi na nne. Haidhuru. Nimepata picha kichwani ya mtoto anaandika alifu nyuma ya mchoro wangu wa tano, na kwa kweli mchoro ule haukuwa mzuri.

Nikavaa glavu, nikaketi. Mkono unaijua kazi, Baba, hauhitaji kichwa. Kichwa kilikuwa Ujiji kinahesabu matofali. Saa tano mfululizo nilitia matone, nikazimua, nikasogea, nikazimua, safu kwa safu, sahani kwa sahani, bila kuinuka. Nikiwa na hasira mimi huwa sitetemeki, hilo unalijua. Hutulia kama maji ya ziwa asubuhi.

Alasiri Lotte akaja kusoma sahani pamoja nami. Lotte ni fundi wetu wa maabara, mama wa makamo mwenye wajukuu wawili, na hakuna kitu kinachompita. Aliitazama ya kwanza juu ya taa, akaitazama ya pili, akavua miwani akaifuta.

"Zainabu," akasema, "wazee wako hawa ni watu wa ajabu. Damu yao ikiwa nzito haina askari hata mmoja. Ikizimuliwa mara elfu tano ina jeshi zima."

"Haiwezekani."

"Ndiyo nakuambia. Na vishimo vya ushahidi vimehamia kushoto. Vimehama vyenyewe?"

Nikatazama. Baba, nilikuwa nimeanzia kulia. Sahani zote kumi na moja, safu zote themanini na nane, nilianza kishimo cha mwisho cha mkono wa kulia nikaja navyo kushoto, kama mtu anayeandika Bismillahi. Miaka kumi na miwili nafanya kazi hii na sijawahi. Ulimwengu mzima huanzia kushoto. Ila mkono wangu siku ile, kichwa kilipouachia, ulirudi kwa aliyeufundisha kwanza.

Kawaida ya pale, sahani iliyokosewa hutupwa na kazi inarudiwa. Nikakagua vichupa. Kati ya themanini na vinane, vilivyobaki na maji ya kutosha kurudia vilikuwa vinane. Themanini vilikuwa vimekwisha. Na mmoja wa wale wazee alikwisha kufariki, baba wa watu, damu yake huwezi kumwomba tena. Lotte akaniuliza kwa upole, "Nikuletee mfuko wa taka?" Nikamwambia, subiri. Nikabeba sahani moja mikononi kama sahani ya pilau, nikaenda ofisini kwa Profesa kabla sijatafuta maneno mazuri, kwa sababu maneno mazuri yangechelewa.

"Nimeharibu sahani kumi na moja," nikamwambia. "Nilianzia kulia."

"Kwa nini?"

"Ndiko nilikofundishwa kuanzia."

Akaniangalia. Nikamweleza. Sikumweleza habari ya chumba, ila kwamba nilipigiwa simu kutoka nyumbani na nikakaa kazini na hasira. Akaichukua sahani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Safu ngapi umeanzia kulia?"

"Zote. Themanini na nane."

"Una hakika hakuna hata moja uliyoanzia kushoto ukajisahihisha katikati?"

"Nina hakika. Vishimo vya ushahidi viko kushoto katika sahani zote, na nukta zinapanda kwa mpangilio. Nimezitazama moja moja."

"Basi huo si uharibifu. Aliyechanganya ndiye hasomeki. Wewe ulifuata njia moja mwanzo mpaka mwisho, ila njia yenyewe ni ya kwenu. Kaa chini uzisome kutoka kulia. Vile vinane vilivyobaki rudia kesho kwa njia yetu, tuone kama vinakubaliana. Na kosa uliandike kitabuni kwa wino, na sababu yake."

Nilizisoma sahani kumi na moja kama ninavyosoma juzuu, kulia kwenda kushoto, Lotte anaandika tarakimu. Kesho yake nikarudia vile vinane, kushoto kwenda kulia, huku nikijishika kifundo cha mkono kama mtoto anayefundishwa. Safu saba zikatoka sawasawa na za jana. Ya nane ikatofautiana kwa kishimo kimoja, na kishimo kimoja kinaruhusiwa. Profesa akatia saini. Kitabuni nimeandika, "Mtafiti alianzia mkono wa kulia, kwa mazoea ya kuandika ya utotoni." Limo humo mpaka jengo lile litakapobomolewa.

Sasa meza yangu Lotte ameibandika utepe mwekundu upande wa kushoto, maana yake anzia hapa. Upande wa kulia akaandika kwa kalamu ya wino mzito, UJIJI. Wiki iliyopita mtafiti mgeni aliuliza boksi la glavu aliweke wapi, wakamjibu, "Weka Ujiji." Akaliweka kulia bila kuuliza Ujiji ni nini. Nilicheka mpaka Lotte akanitoa nje. Hivyo usidhani naishi huku kwa machozi, Baba. Naishi na watu wanaonitania, kazi naiweza, natembea kwa baiskeli, na mtaro ulio mbele ya dirisha langu una mabata kumi na saba. Walikuwa kumi na wanane, mmoja sijui amekwenda wapi.

Kilichonikera ni Jumapili iliyofuata. Nilipiga simu kwako, si kwa mwingine. Nikakuuliza habari ya chumba. Ukasema, "Chumba kipo, mwanangu, kila kitu kipo, inshallah." Nikauliza kipo wapi. Ukasema mtandao unakatika, ukampa Salehe simu. Mtandao haukuwa unakatika, Baba. Nilikuwa namsikia jogoo wa jirani vizuri sana.

Na Salehe akaanza. "Dada, wewe uko kwenye nchi ya vyumba vyenye moto ndani ya ukuta, unagombania futi kumi kwa tisa?"

"Kumi kwa tisa na nusu," nikamwambia.

"Haya, na nusu. Nusu nitakurudishia."

"Salehe, mpe Baba simu."

"Baba kaenda kutawadha."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Sijui ni swala gani.

Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu una pa kutokea, kwenye karatasi huna.

Nataka nikukumbushe neno lako moja. Nilipochaguliwa kidato cha tano shule ya mbali, ulitia saini fomu, sikukatazwa, lakini ulisema mbele ya Mama, "Mtu akienda mbali mno hurudi mgeni." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni Mwanga kuuza sabuni za mawese, ambazo ndizo zilizonisomesha, Jumamosi baada ya Jumamosi. Sikulaumu kwa hilo. Madrasa haijawahi kumtajirisha mtu, na watoto tulikuwa sita. Nilijipandisha mwenyewe, ngazi moja moja, na nilipopata ajira ya kwanza pale hospitalini kama mpima damu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kujenga kile chumba uani kwako. Sikujenga Mwanga, sikujenga Dar es Salaam. Nilijenga pale ili lile neno lako lisitimie. Tangu hapo nimeondoka na kurudi mara sita katika miaka kumi na mitatu, na mara zote sita nimelala kwenye kitanda changu. Mgeni hulala sebuleni.

Kwa hiyo chumba hakikuwa chumba, Baba. Nadhani unajua. Ndiyo maana ulikwenda kutawadha saa tano.

Sasa sikiliza yaliyopo mezani, ni mawili tu. La kwanza, Profesa anataka kuniongezea miaka miwili hapa hapa. Karatasi iko tayari, natakiwa niitie saini Ijumaa hii. La pili, nimeandikiwa na watu wa afya kutoka nyumbani. Wanataka kufungua maabara ndogo Kigoma mjini, vyumba viwili, ya kufuatilia homa ya mafua kando ya ziwa letu. Watu wenye homa na kikohozi wapimwe huko huko, Ujiji, Ilagala, hata wanaovuka kutoka ng'ambo na maboti ya mizigo, na mabata wa mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, wapimwe pia, badala ya sampuli kusafiri siku nne na kufika zimekufa. Wanamtafuta mtu wa kuianzisha, kuanzia mwezi wa tisa. Wameniambia wazi kwamba itakuwa mimi, umeme wa jua na jokofu moja. Profesa amesema nikienda atanipa mashine mbili za zamani na sahani za mwaka mzima. Nao wanataka jibu Ijumaa.

Ukiniuliza ninapenda lipi, sitakuficha. Nalitaka la pili. Nataka nikitoka kazini jioni ninunue migebuka miwili kwa wavuvi nikiwa bado na koti la maabara, nile ugali wa muhogo wa Mama, na kesho yake nihesabu nukta za watu ninaowajua majina. Tena huku nimejifunza kupima mwili unakumbuka nini, na miili ya watu wa kwetu hakuna aliyekaa akaiuliza. Lakini siwezi kurudi nyumbani kama mpangaji wa mjini mwenye baba Ujiji. Nikipanga Mwanga wakati nyumba ya babangu iko dakika ishirini kwa bodaboda, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mgeni. Bora niwe mgeni huku, ambako hakuna aliyenizaa.

Kuhusu chumba chenyewe nimeshapiga hesabu, kwa hiyo usitafute sababu hapo. Zuhura na Salehe wakae. Wenye ndoa changa hawatolewi chumbani, na mimi sitaki dua zao mbaya. Baina ya jiko na ua wa mzee Kabwe pana futi kumi na nne kwa kumi na moja, nilipima likizo ya mwisho kwa hatua na nikahakikisha kwa kamba. Ukiacha njia ya futi tatu ya kupita na ndoo, panabaki kumi na moja kwa kumi na moja. Ni kikubwa kuliko kile. Matofali ni juu yangu, fundi ni juu yangu. Juu yako ni jambo moja, kutoka nje, kusimama pale, na kuwaambia waliopo, "Hapa ni pa Zainabu." Bila wewe kusema hivyo, hata nikijenga ghorofa ni kibanda cha mpita njia.

Swali langu ni hili, na ni moja. Nikirudi mwezi wa tisa kuishi, si kutembea, nina pangu nyumbani kwako: ndiyo au hapana?

Ukisema hapana sitakufa. Nitatia saini ya hapa, nitaishi vizuri, nitaendelea kukupigia kila Jumapili na kukuuliza magoti. Lakini swali hili sitaliuliza mara ya pili.

Nisalimie Mama, mwambie kahawa ya kwao Kalinzi imebaki vijiko sita na ninainywa Jumamosi tu. Bibi wa Kalinzi naye akishuka mjini mpe salamu ya mwakeye kutoka kwangu, na kwamba Kiha changu bado kipo, nakizungumza na baiskeli ikikataa kupanda daraja. Shangazi wa mawese mpe shukrani na umwambie chupa imefika mwisho. Msalimie mzee Kabwe, jirani mwenye jogoo. Asha mwambie mitihani haisubiri harusi. Salehe mwambie nusu futi yangu nitaidai. Zuhura mpe salamu peke yake, si kupitia kwa mumewe, na umwambie wifi yake amefurahi kuletewa mtu wa kusema kweli.

Sasa kufuli la sanduku. Ufunguo ninao huku, kwa hiyo livunjeni, nimeruhusu. Chini kabisa, chini ya vyeti, chini ya kanga ya Mama niliyoiiba nikiwa kidato cha sita, kuna ule ubao wa mninga. Ulidhani umepotea, mimi ndiye niliyeuficha. Chukua kalamu ya mwanzi na wino, uandike neno moja juu yake kwa mkono wako, Asha aupige picha anitumie. Usimpe Salehe akuandikie. Inshallah iandike ukitaka, lakini iwe baada ya neno lenyewe, isikae mahali pake. Nataka liwe limenifikia Alhamisi hii, kabla ya adhana ya magharibi ya Ujiji, maana Ijumaa asubuhi natia saini karatasi moja kati ya mbili. Ndiyo au hapana, Baba. Ukianzia kulia, ukianzia kushoto, nitasoma.

Mwanao,
Zainabu